Bibi Hakumkana Baba Yake

Watu waliokuja kuniposa walitoka Nizwa, lakini mama wa kijana alizaliwa na kukulia Unguja mjini. Kiswahili chake kilinyooka hata nikaona haya kufungua mdomo mbele yake. Sisi tulikuwa watu wa bara. Marehemu babu yangu alikuwa na duka katika mji mmoja wa reli huko Kenya. Mama alizaliwa huko, na mimi nilizaliwa huko, nikaletwa Oman sijajua hata kufunga viatu. Watu wa Unguja walikuwa na namna yao ya kutamka neno “bara”, kama mtu anayeondoa unywele kwenye supu.

Hayo yalikuwa ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mwalimu wa historia katika shule ya wasichana pale Ibra. Kijana mwenyewe tulijuana chuo kikuu Maskati. Alikuwa mpole, anacheka taratibu, na nilimpenda. Naliandika hili mapema ili asije mtu akadhani yaliyofuata yalikuwa mepesi kwangu.

Baba yangu alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo aliyesimamia posa ni mjomba, kaka yake mama, mwenye duka la vipuri vya magari. Siku mbili kabla ya wageni alitukusanya sebuleni.

“Upande wa baba hauna neno,” alisema. “Wakiuliza upande wetu, babu alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Sharqiyah, na bibi ni watu wa Ibra. Basi. Asiongeze mtu.”

Bibi, mama yake yeye mjomba, alikuwa amekaa pembeni akichambua dengu kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

Sote tulijua bibi si mtu wa Ibra. Mama yake bibi ndiye aliyekuwa Mwarabu. Baba yake bibi alikuwa Mhindi, Mpunjabi, Mwislamu, seremala wa karakana ya reli. Tulipohamia Oman, mjomba ndiye aliyejaza karatasi za kuombea pasi, na mahali pa baba wa bibi akaandika jina la yule Mwarabu aliyemzaa mama yake bibi. Bibi hakujua kusoma Kiarabu. Alipokuja kuambiwa, alisema neno moja tu: “Mmeninyang'anya.” Mjomba akamjibu kwamba hapa mtu ni kabila lake, na Mhindi hapa ni yule anayefagia barabara.

Wageni walifika Alkhamisi baada ya Alasiri. Wanaume wakaingia kwa mjomba, wanawake wakaingia kwetu. Mama mtu alikuja na wifi zake wawili na binti yake. Tulimimina kahawa, tukaleta tende na halwa, na mimi nikakaa kwa kuinama kama inavyompasa mtu kukaa siku ile. Maswali yalikuwa ya kawaida: nani amesoma wapi, nani ameolewa na nani. Bibi alisalimiwa kwa heshima zote. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, wanangu, karibuni.” Kisha akarudi kwenye kikombe chake.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya kreti la soda. Mfanyakazi wa mjomba, Mhindi wa makamo, alilileta mpaka mlangoni, akabisha, akaliweka chini, akaondoka. Wifi mmoja akamtazama hadi alipopotea, akasema, “Wahindi hawa! Ukimpa shibiri anataka pima. Kesho utamkuta jikoni.”

Mama mtu akacheka. “Afadhali nyinyi huko bara hamkuchanganyika nao. Nasikia wapo waliochanganyika, ndiyo maana siku hizi mtu lazima aulize.”

Mama yangu akajibu haraka, “Alhamdulillahi, sisi hatukuchanganyika.”

Bibi akaweka kikombe chini.

“Mie baba yangu Mhindi,” alisema.

Nilisikia kiyoyozi kikinguruma dirishani.

“Mpunjabi,” akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi. “Seremala wa reli. Waingereza walimcharaza viboko, wakamtia jela, kwa sababu yeye na wenzake walipanga kuwatoa. Hawakuweza. Lakini walipanga. Mwenye kutaka kuoa hapa, aoe akijua.”

“Bibi,” mama mtu alisema kwa upole, “huenda umechoka.”

“Sijachoka. Tangu asubuhi nimekaa tu.”

Wakamaliza kahawa yao, maana walikuwa watu wa adabu. Wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka, wakaaga, wakaondoka. Halwa ilibaki karibu yote.

Mjomba alipoambiwa aliingia chumbani bila kuvua viatu. “Mama, umetuvua nguo mbele za watu!”

“Nguo zipi?” bibi akamuuliza. “Zile ulizoazima?”

Nataka kusema kwamba nilijivunia bibi siku ile. Sikujivunia. Nilimchukia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele kila Ijumaa na kumkata kucha, na kwa siku tano sikuingia chumbani mwake. Nilipita mlangoni nikitazama mbele. Mama alimpelekea chakula. Usiku nililia na mchana nilisomesha, na kila simu ya ofisi ya shule ilipolia nilidhani ni yake kijana, na haikuwa yake.

Siku ya sita, nimetoka shule, bibi akaniita. “Wewe! Utaninunia mpaka lini? Njoo unisuke, kichwa kinaniwasha.”

Nikaingia. Nikakaa nyuma yake na kitana, na kwa hasira nikawa navuta nywele kuliko ilivyohitajika. Hakulalamika. Alianza kusimulia bila mimi kumuuliza, na yale niliyokuwa nimeyasikia vipande vipande tangu utoto, siku ile niliyasikia mazima.

Baba yake alikwenda Afrika kijana, kwa mkataba wa reli. Karakanani walikuwa Wahindi wa kila dini: Masingasinga, Mabaniani, Waislamu. Kila baada ya miezi lilikuwa likifika gazeti kwa posta, limefichwa ndani ya marobota ya nguo. Lilichapwa ng'ambo ya mbali na Wahindi wenzao waliokwenda kufanya kazi za viwandani na mashambani, na lilisema jambo moja kila ukurasa: Waingereza watoke kwetu. Aliyejua kusoma alisimama katikati ya karakana akasoma, na wengine wote wakapiga nyundo ili sauti yake isivuke ukuta.

“Walipiga hata pasipo na msumari,” bibi alisema, akacheka.

Vikaja vita vikuu vya kwanza. Waingereza wakaleta askari wa Kihindi kwa meli kwenda kupigana na Wajerumani mpakani. Hapo ndipo watu wa karakana walipoona mlango. Wangezungumza na askari wale, ndugu zao, lugha moja. Siku ikifika, askari wangekataa amri na kugeuza bunduki, na watu wa karakana wangeng'oa reli na kukata nyaya za simu. Na huko kwao, na kila mahali walipokuwa Wahindi wenye gazeti lile, ingekuwa hivyo hivyo.

“Baba yako kazi yake ilikuwa ipi?” nilimuuliza. Mikono yangu ilikuwa imekwishalegea.

“Nyaya. Alikuwa na ngazi na koleo. Kaviweka chini ya kitanda alicholalia mama na mimi nikinyonya.”

Siku haikufika. Mmoja wao alikwenda kusema kwa mzungu wake. Walikamatwa karakanani asubuhi, nyundo mikononi. Wawili walinyongwa. Wengine walirudishwa kwao kwa minyororo. Baba yake bibi alicharazwa viboko mbele ya wafanyakazi wenziwe, akafungwa jela na kazi ngumu.

“Mwaka wa tatu wakamwambia, tia sahihi hapa kwamba ulidanganywa, kwamba unajuta, utoke. Mama yangu akaenda mwenyewe jela, kanibeba, akamsihi. Kakataa.”

“Bila kujali nyinyi mna njaa?”

“Usidhani nilifurahi. Mama alikuwa akifua nguo za watu. Nilikula ugali wa chumvi. Nilipokuwa mkubwa nikamwambia usoni: ungetia sahihi, karatasi tu ile. Akaniambia, karatasi ilikuwa yao, sahihi ndiyo ilikuwa yangu.” Akageuza shingo kunitazama. “Sikumsamehe pale pale. Ilinichukua miaka. Nawe usinisamehe leo, sikulazimishi. Lakini usinivute nywele.”

Alitoka jela bibi akiwa na miaka kama minane. Reli hawakumtaka tena. Akawa anatengeneza vitanda na milango. Yule aliyewasaliti alikuwa amefungua duka zuri katika mtaa ule ule, bibi alisema, na kila mtu alijua mtaji umetoka wapi. Baba yake hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua meza yake ya useremala akaiweka ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa duka lile, akafanya kazi hapo kila siku, jua na mvua, fulana imechanika mgongoni, makovu yanaonekana. Bibi ndiye aliyempelekea chai. Hakusema neno na yule mtu hata siku moja. Wateja wakaanza kupungua, kwa sababu hakuna aliyetaka kupita kati ya watu wawili wale. Mwaka haukuisha, mwenye duka akahama mji.

“Basi huyo ndiye baba yangu,” bibi alisema. “Nimkane kwa ajili ya halwa?”

Nikamaliza kumsuka. Kesho yake nilimpelekea chakula mwenyewe.

Wiki iliyofuata simu ya ofisi ililia, na safari hii ilikuwa yake kijana.

“Mama amelainika,” alisema, na furaha yake ilinifikia hata kwenye waya. “Amesema watasahau. Ila shangazi zangu waliokuwepo wameshasema huku na huku, kwa hiyo inatakiwa maneno yafutwe. Uje na mjomba wako. Useme tu mbele yao kwamba bibi ni mtu mzima, akili zimepungua, anachanganya mambo. Wewe ndiye useme, kwa sababu wewe ndiye unayemtunza. Basi.”

“Na wewe unaamini akili zimepungua?”

“Mimi naamini nakutaka wewe,” alisema. Lilikuwa jibu zuri, na halikuwa jibu la swali langu.

Mjomba alifurahi kama aliyeokota pesa. Mama alilia, akasema Mungu mkubwa. Na mimi, kwa kweli, nilikubali. Nilijiambia kwamba bibi hatasikia. Nilijiambia ni maneno mawili. Nilichagua abaya mpya.

Asubuhi ya safari bibi alikuwa uani anaanika ndimu. “Mnakwenda Nizwa?” aliuliza. Hatukuwa tumemwambia.

“Nizwa, bibi.”

“Haya. Mwende salama,” akasema, akaendelea na ndimu zake. Angenikemea ningepata la kushikilia. Hakunikemea.

Njiani mjomba alinifundisha maneno ya kusema, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyofundishwa sura. “Sema: amesahau mengi, mengine anaota. Usirefushe.” Nikayarudia. Tulipofika bondeni penye mitende ya Nizwa nilikuwa nimeyahifadhi.

Chumba kilikuwa kikubwa, na wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, labda kumi na watano. Mama mtu alinikalisha karibu yake, akanishika mkono. Alikuwa mkarimu kweli. Sitaki kumsingizia ubaya. Kahawa ikapita. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Mwanangu, siku ile bibi yako alisema maneno, na watu wamejiuliza. Hebu tuondoe wasiwasi. Bibi hajambo? Akili zake zikoje?”

Nikafungua mdomo. “Bibi yangu…” nikaanza.

“Sema tu, mwanangu. Maneno mawili.”

Na binti yake, dada wa mchumba wangu, ambaye nadhani alitaka kunirahisishia, akacheka, “Eti mfungwa wa Kihindi! Na reli juu! Maskini bibi, katunga hadithi nzima.”

Wote wakacheka, kicheko chepesi, hakikuwa na sumu. Walinisubiri na mimi nicheke. Nilihisi uso wangu ukijiandaa kucheka, ukijiandaa wenyewe bila ruhusa yangu, na hilo ndilo lililonitisha. Kwamba ningeweza. Kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

“Bibi yangu anakumbuka kila kitu,” nilisema. “Hajachanganyikiwa. Baba yake alikuwa Mhindi, na Waingereza walimfunga kwa sababu alikuwa na ngazi na koleo na alitaka kukata nyaya zao. Hakutunga. Mimi ni kitukuu cha Mhindi huyo, na kama nitaolewa katika nyumba hii nitaolewa hivyo hivyo.”

Nilidhani sauti yangu ingetetemeka. Haikutetemeka.

Mama mtu akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani. “Basi hatuna maneno zaidi,” alisema. “Mungu akupe kheri yako, nasi atupe yetu.”

“Amin,” nikajibu, na nikaondoka mwenyewe bila kusindikizwa.

Mjomba aliletewa habari upande wa wanaume. Alitoka amekunja uso, akawasha gari, akaendesha mpaka njia panda ya Bidbid. Hapo akasimama kwenye kituo cha petroli, akanunua makopo mawili ya juisi ya embe, akanipa moja.

“Umemrithi,” alisema.

Hakusema ni nani, na kwa namna alivyosema sikujua kama analaumu au anakiri. Kisha hakunisemesha tena kwa mwaka mzima. Tukikutana kwa mama ananisalimia kwa kichwa.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa amekwishasikia. Simu za wanawake wa Nizwa zina mbio kuliko gari la mjomba. Nilisimama mlangoni kwake. Labda nilitaka anisifu. Nilistahili kusifiwa, nilidhani, nimetoa ndoa yangu.

“Umekula?” aliuliza.

“Sijala.”

“Jikoni kuna wali. Kula kwanza, ndipo ulie.”

Nikala. Kisha nikalia, na nililia kwa ajili yake kijana kwa muda mrefu, si uongo. Kabla ya mwaka kwisha alimuoa binti wa ami yake. Bibi aliishi miaka mingine mitatu. Kila mgeni aliyekuja alimwambia yeye ni binti wa nani, hata wasiouliza, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mjomba alikuwa akitoka nje. Bibi alipokufa, alikufa akiwa na akili zake zote, akimgombeza mama kwa kuchoma vitunguu.

Baada ya hapo niliomba uhamisho, nikapelekwa Sur. Huko nikaolewa, nimechelewa kwa hesabu za watu, na mtu wa Ras al Hadd, fundi wa mashine za boti. Safari hii sikungoja kreti la soda. Niliyasema yote siku ya kwanza, mbele ya baba yake, mzee asiyejua Kiswahili hata neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiarabu chao cha pwani kwamba nusu ya nyumba za Ras al Hadd zina bibi aliyetoka Bara Hindi, na akamuuliza mwanawe tulikuwa tukificha nini huko Ibra.

Nilikuwa bado nasomesha historia. Kitabu kilikuwa na sura juu ya Waingereza katika Bahari ya Hindi: mikataba, majina ya mabalozi, ramani yenye mishale. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, niliifunga sura ile kabla ya wakati na nikawasimulia wasichana wa darasa la tisa habari za karakana: gazeti ndani ya marobota, nyundo, ngazi chini ya kitanda. Sikusema ni babu wa nani.

“Abla, wakashinda?” mmoja aliuliza, maana ndivyo walivyotuita walimu wa kike.

“Hapana. Hata siku yao haikufika.”

“Sasa kwa nini tunajifunza?”

“Kwa sababu walioshinda wamekwishaandikwa,” nikasema. “Hawa wasiposemwa, itabaki kama hakuna aliyekataa.”

Bahati mbaya, au nzuri, mkaguzi alikuwa amekaa nyuma. Baada ya kipindi aliniita ofisini kwa mwalimu mkuu.

“Hili halimo kitabuni,” alisema.

“Najua.”

“Umelitoa wapi?”

“Kwa bibi yangu.”

“Bibi si marejeo, abla.”

“Kwangu mimi ni marejeo.”

Akaandika onyo kwenye faili langu, kwa hati nzuri sana, kwamba mwalimu ametoka nje ya mtaala. Mwalimu mkuu, mwanamke mwema aliyekuwa akinipenda, alinivuta kando. “Andika tu kwamba hutarudia, tulimalize. Mstari mmoja.”

Nilichukua kalamu. Chini ya onyo kulikuwa na nafasi ya maelezo ya mwalimu. Nikaandika: “Nimesoma. Sikubali.” Nikatia sahihi, nikarudi darasani, maana kengele ilikuwa imekwishalia.

Mwaka uliofuata tulipoifikia sura ile niliisomesha tena, na kipindi hicho nilifungua mlango wa darasa ili sauti ivuke ukuta.